Kuku sita uani: somo kwa wenzangu wa Malindi

Kila siku naulizwa, "Bi, chakula gani kinatagisha?" Hapa kwetu kinachonyima mayai kwanza ni joto, chakula kinafuata. Kuku hatoki jasho. Hupoa kwa kuhema na kunywa maji.

Nimejua hayo kwa hasara. Banda langu la kwanza lilikuwa mabati juu, mabati ubavuni, nimepiga misumari mwenyewe nikajiona fundi. Ikaja kaskazi, Februari. Nimerudi sokoni saa nane mchana, nawakuta midomo wazi, mbawa zimeachana na mbavu kama watu waliobeba ndoo mbili mbili. Wawili walikuwa wameshakufa kando ya sufuria ya maji iliyokauka. Waliobaki wakataga mayai laini, moja likanipasukia kiganjani kabla sijalifikisha jikoni.

Hatua ya 1: banda. Nguzo za mvinje, paa la makuti, ubavuni wavu. Upande kusi inakopigia uzibe, mvua za Aprili na Mei zisiwaloweshe. Kuku sita watatosheka na mita 2 kwa 1 za kulala, mradi mchana wanatoka uani. Wavu uwe wa matundu madogo na ufukiwe chini kidogo, maana nguchiro huchimba, na kenge akishaonja yai atarudi kila siku. Ndani weka fito za kulalia, na vitundu viwili vyenye giza na nyasi kavu.

Hatua ya 2: kuku. Nunua matembe wa kienyeji walioboreshwa, wa miezi minne hivi. Vifaranga ni bei nafuu, lakini utawalisha miezi bila yai.

Hatua ya 3: maji. Hapa usifanye mzaha. Siku za joto kali niwekee lita 3 kwa kuku sita, kivulini, katika chungu cha udongo. Plastiki maji huwa kama ya chai. Badilisha asubuhi, badilisha tena adhuhuri.

Hatua ya 4: chakula. Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 50 la chakula cha kuku wa mayai litakufikisha siku 70 hivi. Wape alfajiri na jioni. Jua likiwa utosini hawali. Majani ya mchicha na mlonge, wape. Chicha ya nazi kiasi cha konzi moja, na ikibaki mpaka mchana itupe, inachacha. Vichwa vya samaki kidogo tu, la sivyo utakaanga yai lenye shombo.

Hatua ya 5: chokaa ya ganda. Maganda ya mayai yakaange, yatwange, weka kwenye kifuu. Ya chaza yanafaa pia, nunua dukani. Usiende kuokota kwenye hifadhi ya bahari. Inalindwa tangu 1968.

Hatua ya 6: chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa Newcastle, kila miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi na ikishachanganywa haiwekwi, basi kusanyaneni majirani mkagawane gharama. Ibebeni na barafu.

Maswali

Mama wa Ngala: Shoga, bila jogoo watataga kweli?
— Watataga, shoga. Jogoo ni wa vifaranga, na wa kukugombanisha na jirani alfajiri.

Kijana wa Gede: Shikamoo bi. Kuku wangu mmoja anakula mayai.
— Marahaba mwanangu. Tazama ganda kwanza, likiwa jembamba hupasuka, naye ameonja. Ongeza chokaa, tia kitundu giza, okota mayai mara mbili kwa siku. Akiendelea, mtenge. Wangu mmoja hakusikia yote hayo, tukampika Idi.

Baba wa Muyeye: Kunguru wamenimalizia mayai. Nimeweka sanamu la mtu.
— Kaka, kunguru hawa wa Bara Hindi sanamu watalikalia kichwani. Funika uwanja wote kwa wavu wa uvuvi mkuukuu, na mlango wa banda uwe mdogo, kuku apite akiinama.

Somo wa Lamu: Nina kuchi wanne, mayai machache. Nakosea wapi?
— Hukosei, somo yangu. Kuchi ni kuku wa fahari na nyama. Mfuge kwa umbo lake. Mayai tafuta mwengine.

Mama wa Ngala tena: Nimekuta mayai tisa kichakani, sijui ya lini.
— Yatie kwenye bakuli la maji. Linalolala chini ni jipya, linalosimama lina siku zake, pika leo. Linaloelea ni viza. Usilipasulie jikoni, shoga, kalifukie kule nyuma.