Kibulgaria cha milima ya Rhodope: anza na hiki, hicho na kile

Umemaliza mwaka wa kujifunza Kibulgaria katika mji wa Plovdiv, Bulgaria, mtihani umefaulu, na dukani wanakuelewa. Kisha unapanda basi kwenda Smolyan, mji wa milima ya Rhodope, kilomita kama 100 kusini, au mzee kutoka huko analazwa kwenye wodi unayofanyia mafunzo ya udaktari. Maneno unayajua, lakini yamebadilika mwisho. Usivunjike moyo. Kwa hili Mswahili ana mtaji.

Kibulgaria cha darasani huongeza kipande mwishoni mwa nomino kuonyesha kwamba kitu kinachosemwa kinajulikana. Kichwa ni *glava*. Kichwa tunachokizungumzia ni *glavata*. Huko Smolyan vipande hivyo ni vitatu. *Glavasa* ni kichwa hiki, kilicho kwangu mimi ninayesema. *Glavata* ni hicho, kilicho upande wako. *Glavana* ni kile cha mbali au kisichoonekana hapa. Kwa mtu husema *chovekos*, *chovekot*, *chovekon*: huyu, huyo, yule. Kwa mtoto, *deteso*, *deteto*, *deteno*. Shika herufi tatu tu, s, t na n, na ukishazisikia utajua mgonjwa anaonyesha kichwa chake mwenyewe au anasimulia habari za ndugu aliyebaki kijijini. Mwanafunzi ambaye lugha yake haina mgawanyo huu atakariri. Wewe umeuzoea tangu utotoni.

Sauti nazo zina neema yake. Ile irabu ya Kibulgaria sanifu inayoandikwa ъ, inayotusumbua sana kwa kuwa Kiswahili hakina, wenyeji wa Rhodope huitamka kama o ya mdomo uliopanuka. Jino, *zab* kwa maandishi ya Kilatini, huwa *zob*. Mwanamume, *mazh*, huwa *mozh*.

Penye ugumu ni mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, wao huuhamisha. Tena katika eneo la Smolyan, o isiyo na mkazo hugeuka a: maji, *voda*, husikika *vada*. Kwa hiyo usilisake neno kwenye kamusi kwa herufi ulizosikia tu. Jaribu kuirudisha o kwanza.

Ushauri wangu ni kusikiliza lahaja na kujibu kwa Kibulgaria sanifu. Mtihani na ofisi ya uhamiaji vinataka sanifu, na mzee wa Rhodope anaielewa vizuri. Kuzoesha sikio, tafuta rekodi za Valya Balkanska, mwimbaji wa milima hiyo ambaye sauti yake ilirushwa angani mwaka 1977 ndani ya vyombo vya anga za juu vya Voyager.

Na neno *baba*, popote Bulgaria, maana yake ni bibi, yaani mama wa mzazi. Mgonjwa akisema *baba* amefariki, usimpe pole ya kufiwa na mzazi wa kiume. Wewe mwenyewe usimwite hivyo mama mzee usiyemjua wodini, sema *gospozho*, neno la heshima kwa mwanamke.