Somo: Kusoma ripoti ya jaribio la tiba kuanzia kwenye ahadi, si kwenye hitimisho

Somo hili ni la waganga, wauguzi, wafamasia na wanafunzi ambao hukabidhiwa makala ya utafiti jioni na kutakiwa kuwaeleza wenzao kesho yake asubuhi inasema nini. Nami nimepita huko. Niliwahi kusimama kikaoni nikieleza makala ambayo nilikuwa nimesoma ikisiri yake tu, na muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, mama mtu mzima asiye na papara, akaniuliza: "Walioanza walikuwa wangapi, na waliohesabiwa mwishoni ni wangapi?" Sikuwa na jibu, na kikao kizima kilijua kwamba sina. Tangu siku hiyo silisomi hitimisho kabla sijalijibu swali lile.

Mfano wetu mkuu utakuwa ripoti ya jaribio la FEAST, lililofanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, likachapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watafiti, wakiongozwa na Kathryn Maitland, walitaka kujua kama mtoto mgonjwa sana mwenye homa, ambaye damu haifiki vizuri viungoni, anafaidika akipewa bolasi, yaani dripu nyingi kwa muda mfupi, kuliko akipewa dripu ya taratibu peke yake. Nimeichagua kwa sababu ni ripoti nzuri. Anayefundishwa kwa ripoti mbovu tupu hujifunza kushuku kila kitu, lakini hajui kazi safi inafananaje.

Hatua ya 1: Tafuta kwanza walichoahidi kupima

Tangu Julai 2005, majarida makubwa ya tiba yaliyo chini ya kamati ya kimataifa ya wahariri yanataka jaribio liandikishwe katika daftari la wazi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa. Marekani ina ClinicalTrials.gov, na bara letu lina Daftari la Majaribio la Afrika Nzima lenye makao yake Cape Town. Namba ya uandikishaji huwa mwishoni mwa ikisiri au katika sehemu ya mbinu. Ichukue, fungua daftari, kisha andika kwenye karatasi mambo matatu: tarehe ya kuandikishwa, matokeo makuu yaliyokusudiwa kupimwa, na idadi ya wagonjwa iliyokusudiwa. Ndipo urudi kwenye makala na kulinganisha.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu mtu akirusha mishale ukutani kwanza, kisha akachora duara pale ilipokita, kila mshale utakuwa umelenga. Jaribio linalojulikana kama 329, la dawa ya sonona iitwayo paroksetini kwa vijana wa Marekani na Kanada, lilikuwa na washiriki 275 waliogawanywa katika makundi matatu: 93 walipewa paroksetini, 95 imipramini, na 87 plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Itifaki yake, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa kabla, ilitaja matokeo makuu mawili, na katika yote mawili paroksetini haikuishinda plasebo kwa kiwango cha kuaminika. Hata hivyo makala iliyotoka mwaka 2001 iliisifu dawa hiyo kuwa inafanya kazi na kuvumilika vizuri, ikiegemea vipimo vingine ambavyo itifaki haikuwa imevitaja. Mwaka 2015 watafiti wengine walizichambua upya takwimu zilezile kwa kufuata itifaki ya awali, wakachapisha katika jarida la BMJ kwamba dawa haikuwasaidia vijana wale na kwamba madhara yake yalikuwa makubwa kuliko ilivyosemwa. Ni miaka 14 tangu makala ya kwanza, na katika miaka hiyo yote waandikaji wa dawa walikuwa na ile ya kwanza mkononi.

Hatua ya 2: Hesabu vichwa

Mwongozo wa CONSORT, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1996 na kuhuishwa mara kadhaa tangu hapo, unawataka waandishi waweke mchoro unaoonyesha wangapi walichunguzwa, wangapi walikataliwa na kwa nini, wangapi waligawanywa katika kila kundi, wangapi walipotea njiani, na wangapi waliingia katika hesabu ya mwisho. Usiuruke mchoro huo. Mimi huusoma kabla ya utangulizi, kwa kuwa utangulizi, niseme ukweli, mara nyingi ni mapambo.

Katika FEAST, watoto 3,141 wa sehemu kuu ya jaribio waligawanywa kwa bahati nasibu: 1,050 walipewa bolasi ya albumini (protini ya damu), 1,047 bolasi ya maji ya chumvi, na 1,044 hawakupewa bolasi. Jumlisha mwenyewe kwa kalamu uone kama inatimia. Kisha nenda kwenye jedwali la vifo ndani ya saa 48, uone kama namba za chini ya mstari ni zilezile. Ni zilezile: vifo 111 kati ya 1,050, vifo 110 kati ya 1,047, na vifo 76 kati ya 1,044. Hakuna mtoto aliyeachwa nje ya hesabu ya vifo kwa sababu hakumaliza tiba au alipewa tiba tofauti na ile aliyopangiwa. Ukikutana na makala ambayo iligawa watu 200 na jedwali la matokeo lina watu 163, tafuta aya inayoeleza walikokwenda wale 37. Isipokuwapo, hitimisho la makala hiyo lisikusumbue.

Hatua ya 3: Geuza asilimia iwe watu

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotoshwa, na mara nyingi bila uongo wowote kusemwa. Ripoti ya FEAST inasema kwamba hatari ya kufa ndani ya saa 48 kwa waliopewa bolasi ya aina yoyote ilikuwa mara 1.45 ya wale ambao hawakupewa. Mwandishi wa habari angeandika kwamba bolasi inaongeza vifo kwa asilimia 45, na asingekuwa amekosea. Lakini mama anayesikia "asilimia 45" anadhani karibu nusu ya watoto wanauawa na dripu.

Fanya hivi. Waliopewa bolasi jumla ni 2,097, na waliokufa ni 221, sawa na asilimia 10.5. Katika kundi lisilo na bolasi waliokufa ni asilimia 7.3. Toa moja kwa nyingine: tofauti ni asilimia 3.2, yaani kama watoto watatu katika kila mia. Gawanya mia kwa tofauti hiyo na utapata kwamba katika kila watoto 31 hivi waliopewa bolasi, mmoja zaidi alikufa. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila ya pili ndiyo inayoingia wodini. Ripoti yenyewe imezitoa namba zote zinazohitajika, na huo ndio uaminifu tunaoutafuta: msomaji wa Muheza mwenye kalamu anaweza kuirudia hesabu bila kumwandikia mtu barua. Ripoti inayotoa uwiano tu, na kuficha idadi ya watu, imemnyima msomaji haki hiyo.

Hatua ya 4: Uliza nani hakuwamo

FEAST haikuwaingiza watoto wenye utapiamlo mkali, wala wenye kuharisha na kutapika, wala walioungua au kuumia. Kwa hiyo anayesema "utafiti umekataza dripu kwa watoto" hakuisoma sehemu ya mbinu, na mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuharisha anaweza kulipa gharama ya uvivu huo. Andika orodha ya walioachwa nje pembeni mwa hitimisho, kwa wino uleule.

Hatua ya 5: Madhara na maneno yake

Angalia kama madhara yamehesabiwa kwa watu au yamefunikwa kwa sentensi moja ya jumla. Angalia pia majina waliyopewa. Katika jaribio 329, mawazo na majaribio ya kujiua yaliwekwa chini ya jina lenye maana ya kuyumba kwa hisia. Msomaji aliyepitisha jicho kwenye jedwali asingeweza kujua kwamba mstari ule ulihusu kijana aliyetaka kujitoa uhai.

Hatua ya 6: Tafuta kilichobaki kabatini

Hatua hii ni ngumu, kwa kuwa unatafuta kisichoonekana. Mwaka 1980 madaktari wa Uingereza waliwajaribia wagonjwa wa moyo dawa ya lokainidi, ambayo hutuliza mapigo yaliyovurugika. Kati ya 48 waliopewa dawa walikufa 9, na kati ya 47 waliopewa plasebo alikufa 1. Dawa hiyo iliachwa kwa sababu za kibiashara, na matokeo hayakuchapishwa hadi mwaka 1993, wakati dawa nyingine za jamii hiyo zilikuwa zimekwisha kutumiwa kwa wagonjwa wengi na kuonekana zinaua. Waandishi wenyewe walikiri kwamba matokeo yale yangalitoka mapema yangaliweza kuwa onyo.

Kuhusu dawa za sonona kuna hesabu kamili zaidi. Mwaka 2008 Erick Turner na wenzake walichukua majaribio 74 yaliyokuwa katika kumbukumbu za mamlaka ya dawa ya Marekani. Mamlaka iliyaona 38 kuwa mazuri, na 37 kati ya hayo yalichapishwa. Kati ya 36 yaliyobaki, 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yalichapishwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane mazuri, na matatu tu yalichapishwa jinsi yalivyokuwa. Kwa hiyo ukisoma makala nne zinazosifu dawa, rudi kwenye daftari la uandikishaji uone kama yapo majaribio mengine matano yaliyokwisha zamani na hayajasema neno.

Maswali ya washiriki wa somo

Muuguzi, Tanga: Shikamoo mwalimu. Je, makala ikiwa katika jarida kubwa kabisa la dunia, bado kuna haja ya kupita hatua zote hizi?

Marahaba. Haja ipo. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha makala kuhusu klorokwini na ugonjwa wa UVIKO-19, iliyodai kuwa na wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 za mabara sita, na takwimu zote zikiwa za kampuni moja ndogo iitwayo Surgisphere. Wasomaji waligundua kwamba vifo vilivyoandikwa vya Australia vilizidi vile ambavyo nchi nzima ilikuwa imevitangaza kufikia tarehe iliyotajwa. Kulikuwa pia na maelfu ya wagonjwa wa Afrika wenye kumbukumbu kamili za kompyuta, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kutafuta faili la mgonjwa masjala angelishangaa. Kampuni ilikataa kuzitoa takwimu zikaguliwe, na waandishi watatu kati ya wanne waliiondoa makala tarehe 4 Juni. Ilichukua wiki mbili. Ile makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield, yenye watoto 12 tu, iliyowatia wazazi hofu ya chanjo ya surua, ilikaa katika jarida hilohilo miaka 12 kabla ya kufutwa.

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili: Matokeo yangu makuu hayakuonyesha tofauti yoyote. Msimamizi wangu ananishauri "nitafute kitu" ndani ya takwimu ili tasnifu ipendeze. Nifanyeje?

Ukipima vitu 20 visivyohusiana, vyote vikiwa havina tofauti ya kweli, na ukatumia kile kipimo cha kawaida cha asilimia 5, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara moja katika ishirini, uwezekano wa kupata angalau kimoja kinachoonekana kuwa na tofauti ni kama asilimia 64. Kwa hiyo "kitu" utakipata, na hakitakuwa kitu. Mjibu mzee wako kwa adabu kwamba utaandika matokeo makuu kama yalivyo katika sura ya kwanza ya matokeo, na kama kuna jambo la ziada la kuvutia utaliweka katika sehemu yake, ukisema wazi kwamba hukulipanga tangu mwanzo na kwamba linahitaji utafiti mwingine. Kufanya hivyo kunakubalika kila mahali. Kulipeleka la ziada mbele na kulificha lile kuu ndiko alikofanya yule wa mishale ukutani.

Mfamasia, Kisumu: Nimeona bango la dawa ya asili likisema kuwa asilimia 80 ya waliotumia walipona mafua ndani ya wiki moja. Je, huu nao ni utafiti?

Ndugu yangu, uliza ni asilimia ngapi ya wasiotumia walipona ndani ya wiki hiyohiyo. Mafua huondoka yenyewe. Pasipo kundi la kulinganishia, dawa inavuna sifa ya mwili. Sisemi kwamba dawa haifai. Nasema kwamba bango halijatuambia.

Tabibu, Mbale: FEAST ilisimamishwa mapema. Nimesoma kwamba majaribio yanayokatizwa mapema hutia chumvi matokeo. Je, tuiamini?

Umesoma sawa, hasa kuhusu majaribio yanayokatizwa kwa sababu tiba inaonekana nzuri mno huku wagonjwa wakiwa wachache. Kwa hiyo angalia mambo mawili. La kwanza ni nani aliyeamua: hapa ilikuwa kamati huru ya kufuatilia takwimu, nayo ilisimamisha kwa ajili ya usalama wa watoto, wala si watafiti waliochungulia na kuridhika. La pili ni idadi ya matukio: vifo vya saa 48 vilikuwa 297, ambavyo si vichache, na wigo wa uhakika wa asilimia 95, yaani eneo ambamo thamani ya kweli inakadiriwa kuwamo, uliotolewa kwa ile mara 1.45 unaanzia 1.13 na kuishia 1.86, maana yake hata upande wake mpole zaidi bado unaonyesha madhara. Angalia tena jedwali la wiki nne: vifo vilikuwa asilimia 12.2 kwa albumini, 12.0 kwa maji ya chumvi, na 8.7 kwa wasiopewa bolasi, kwa hiyo pengo la siku mbili za kwanza halikuzibika baadaye. Kinachobaki kwako ni kumtazama mtoto aliye mbele yako uone kama ni miongoni mwa wale walioingizwa katika jaribio, au ni wa ile orodha ya hatua ya nne.