Kutoa muziki wa muvi bila maongezi ukiwa na sauti ya 5.1

Kwanza cheki faili lako, kama lina stirio tupu ya chaneli 2 hii njia sahau, maana humo maongezi na muziki vishachanganywa pamoja. Inatakiwa 5.1, yaani chaneli 6, na kwenye muvi nyingi maongezi karibu yote wanayaweka spika ya katikati, muziki unatandazwa kushoto, kulia na nyuma.

Fungua faili kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti (iwe imeunganishwa na FFmpeg, programu ya kusomea aina nyingi za faili, la sivyo AC3, aina ya sauti inayotumika sana kwenye muvi, haifunguki), utaona mistari 6 ya mawimbi. Wa 3 kwa kawaida ndo katikati: bonyeza solo (kitufe cha kusikia mstari huo peke yake) usikilize, ukisikia watu wanaongea tu basi ndo wenyewe, uzime. Wa 4 ni besi, nao zima kama milipuko inakukera.

Sasa sikiliza zile chaneli 2 za nyuma (mstari wa 5 na wa 6) peke yake, mara nyingi muziki huko ni msafi kuliko mbele ila umepoa na una mwangwi, kwa hiyo mi huchanganya na za mbele kidogo kidogo. Milango na nyayo zitabaki tu, hapo vumilia au tafuta sehemu tulivu. Ukiridhika toa faili la sauti la WAV.