Petisyo hadi jibu: somo kwa wakaaji wa Lubumbashi

Kifungu cha 27 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo, yaani ombi la maandishi, kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, wala hakuna anayeweza kushitakiwa kwa kuchukua hatua hiyo. Wengi hukusanya saini kwa bidii, kisha wakaisahau hiyo miezi mitatu.

Hatua ya kwanza ni kuchagua jambo moja na kumjua mwenye jukumu. Mfereji ulioziba katika komine ya Katuba msiuchanganye katika ombi moja na umeme na mishahara ya walimu. Ulizeni kwanza kama kazi hiyo ni ya komine (sehemu ya mji), ya meri (ofisi ya mji mzima) au ya jimbo.

Hatua ya pili ni maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: avenyu gani, tangu lini, nini kimeharibika, mnataka nini kifanyike kabla mvua za Novemba hazijaanza. Maneno ya ombi yarudiwe juu ya kila karatasi ya saini, asije mtu akasema hakujua alichosaini.

Hatua ya tatu ndiyo ninayowasihi muishike. Pelekeni nakala mbili: moja ibaki sekretarieti, ya pili ipigwe muhuri na kuandikwa tarehe na jina la aliyepokea, nanyi mrudi nayo, kwani miezi mitatu huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Avenyu yetu iliwahi kuacha barua katika ofisi moja bila nakala. Tuliporudi tukaambiwa haionekani, nasi hatukuwa na cha kuonyesha. Wazee walikuwa wamesimama juani ili wasaini, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Muda ukipita kimya, andikeni tena, mkiambatisha fotokopi yenye muhuri, na nakala muwapelekee wabunge wa jimbo mliowachagua.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, je, saini zetu zinaweza kuleta kura ya wananchi kuhusu ushuru wa soko?

Hapana, mama. Kwetu sheria ya kawaida huanzishwa na serikali, mbunge au seneta. Kwa kifungu cha 218, raia 100,000 wanaweza kuomba marekebisho ya Katiba tu, na hata hapo Bunge la Taifa na Seneti huamua kwanza kama ombi lina msingi. Uswisi, saini 100,000 zikikusanywa ndani ya miezi 18, marekebisho ya katiba yaliyopendekezwa hupigiwa kura na nchi nzima. Kifungu chetu cha 220 kimeweka pia mambo yasiyoguswa kabisa, kama idadi ya vipindi vya Rais.

Naogopa jina langu kuonekana kwa shefu wa kartiye.

Hofu yako siidharau, ndugu. Katiba inakukinga, lakini asilazimishwe mtu yeyote kusaini.

Na asiyejua kusoma?

Asomewe ombi zima kwa Kiswahili, hata kama limeandikwa kwa Kifaransa, aulize anachotaka, kisha aweke alama ya kidole mbele ya shahidi anayemwamini.