Somo: Ganzi ya neva baada ya kutoa mfuko wa nyongo, TAP (kati ya tabaka za misuli ya tumbo) au ESP (chini ya misuli ya mgongo)?

Mgonjwa aliyetolewa mfuko wa nyongo hapa Moshi, kesho yake anataka kupanda daladala arudi Marangu. Akikohoa tu, anashika tumbo. Tumpunguzie maumivu hayo.

Kwanza uliza: upasuaji wa matundu au wa kufungua? Ule wa matundu huacha vidonda vidogo, kwa kawaida vinne: kimoja kitovuni (T10, yaani neva ya kumi ya uti wa mgongo kifuani), vingine juu hadi chembe cha moyo (T7–T8). TAP ya ubavuni haifiki huko juu. Fanya TAP ya chini ya mbavu, pande zote mbili.

Pili, piga hesabu kabla ya kushika sindano. Bupivakeini, dawa yetu ya ganzi, ya 0.25% ina miligramu 2.5 kwa kila mililita. Mililita 20 kila upande ni miligramu 100, yaani miligramu 2 kwa kilo kwa mtu wa kilo 50. Mama wa kilo 40 tayari yuko 2.5, ukingoni kabisa, mpunguzie. Daktari akichoma ganzi vidondani, nayo ihesabu.

Tatu, laza proba ya altrasaundi sambamba na ukingo wa mbavu. Ukishaingiza sindano, vuta pistoni uone kama kuna damu, kisha sukuma mililita moja. Tabaka mbili za misuli zikiachana, endelea. Msuli wenyewe ukivimba, rekebisha ncha.

Kwa upasuaji wa kufungua mimi nachagua ESP, upande wa kulia, usawa wa T7–T8, chini ya misuli ya mgongo. Huenda ikatuliza hata maumivu ya ndani, ingawa dawa haisambai sawa kwa kila mtu.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Mgonjwa analalamikia bega la kulia. Ganzi imegoma?*
Marahaba. Hapana, ni gesi ya kupulizia tumbo wakati wa upasuaji wa matundu, imechokoza kiwambo, msuli wa kupumulia. Neva yake inatoka shingoni, C3–C5. Mara nyingine mwombe daktari aitoe gesi yote kabla ya kufunga.

*Sisi hatuna altrasaundi.*
Usibahatishe karibu na ini, dada. Bupivakeini kwenye kila kidonda, parasetamoli, na diklofenaki kama figo na tumbo ni salama. Hata wenye mashine waanzie hapo.

*Akisema midomo imekufa ganzi na masikio yanavuma?*
Hizo ni dalili kwamba ganzi imezidi damuni. Acha kuchoma, mpe oksijeni, ita msaada. Mafuta ya mshipani ya 20%, mililita 1.5 kwa kilo, yawe chumbani kabla hujaanza.