Maboga yanatoa maua afu yanadondoka? Chavusha kwa mkono, fanya hivi

Habari wakulima wenzangu, mi nalima maboga kihambani, yaani shamba la nyumbani, huku Kibosho, Moshi, na kila masika naulizwa swali lilelile, mbona maua kibao ila matunda hamna, na wengi wanakimbilia kuongeza samadi wakati shida haiko huko. Shina moja la boga lina maua dume na maua jike, na chavua, ule unga wa njano, lazima utoke kwa dume ufike kwa jike. Ni mzito afu unanata, upepo hauuwezi, kazi hiyo ni ya nyuki, sasa mvua ikipiga asubuhi nzima nyuki atatoka saa ngapi? Msimu wangu wa kwanza mashina sita nilivuna maboga mawili tu, niliumia sana.

Kwanza jua kuyatofautisha. Jike lina kijiboga kidogo chini ya ua, dume limekaa kwenye kikonyo kirefu chembamba basi. Madume ndo hutangulia kutoka, kwa hiyo hayo ya mwanzo yakidondoka si ugonjwa.

Jioni pita shambani, ua ambalo bado limefumba ila ncha imeanza unjano ndo la kesho. Kama unataka mbegu ya kupanda funga ncha zake kwa uzi, jike na madume mawili matatu, nyuki asikuwahi na chavua ya boga la jirani. Kama ni boga la kula tu, achana na uzi.

Asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu hivi, usichelewe jamani, ua linafunguka asubuhi moja tu na jua likikolea linafumba. Chuma dume, toa petali zote, yale majani ya njano ya ua, ibaki ile fimbo ya katikati, gusa na kidole, ukiona unga wa njano iko poa, ikiwa imelowa tafuta nyingine. Pakaza taratibu kwenye stigma ya jike, ile sehemu ya katikati inayopokea chavua, pande zote, hapa usilipue kazi. Kila punje ya chavua inaotesha kamrija kanakoshuka mpaka kwenye ovari, yaani kile kijiboga, na kubeba gameti mbili za kiume, yaani seli za uzazi, moja inaungana na yai inakuwa kiinitete, ule mmea mchanga ndani ya mbegu, ya pili inaungana na viini viwili vya katikati inakuwa chakula cha hicho kiinitete. Kila mbegu inahitaji punje yake, ndo maana ukipaka upande mmoja tu boga linakua kombo, au linadondoka kabisa.

Kama ni la mbegu lifunge tena kwa uzi afu funga kitambaa kwenye kikonyo, usije ukalichuma na mengine.

Baada ya siku chache angalia kijiboga, kikianza kuvimba kimeshika, kikiwa cha njano na kimelegea ndo basi, subiri jike lingine.