Kabla Hujachagua Masomo ya Muhula wa Ughaibuni

Barua ya kukubaliwa ikifika, vijana wengi wa hapa Moshi hukimbilia Soko la Memorial kutafuta koti la baridi. Koti litangoja. Kwanza nenda idarani ukachukue muhtasari wa kila somo ulilofaulu, wenye mada, saa za kufundishwa na vitabu vilivyotumika, ugongewe na mhuri kabisa.

Chuo cha nje kikiandika kwamba somo fulani lina sharti la awali, yaani jambo unalotakiwa uwe umelisoma kwanza, anayeamua kama umelitimiza ni mtu asiyekijua chuo chako. Transkripti inamwonyesha jina la somo na alama, basi. Mimi niliomba ikonometriki, yaani takwimu za uchumi; sharti lilikuwa takwimu hadi rigresheni, ile mbinu ya kupima jinsi kitu kimoja kinavyotegemea kingine. Rigresheni nilikuwa nimeisoma, tena nikapata B+, ila kwetu ilijificha ndani ya somo lililoitwa Mbinu za Kiasi. Wakanikatalia. Muhtasari wa mwaka wetu haukuwepo idarani. Ulikuwa kwenye flashi ya mwalimu aliyekwenda likizo kwao Rombo. Ulinifikia kwa WhatsApp siku ya tisa, nikautoa steshenari, mhuri nikapata. Nafasi zilikuwa zimeshajaa.

Ukipitia orodha ya masomo yao, shuka hadi mstari wa lugha ya kufundishia. Jina la somo laweza kuandikwa kwa Kiingereza, darasani ikawa Kijerumani mwanzo mwisho. Angalia pia linatolewa muhula upi, maana mengine hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Na uwe na mawili matatu ya akiba, ratiba hugongana.

Kwenye krediti, yaani kipimo cha uzito wa somo, watu huchanganyikiwa bure. Ulaya mwaka wa masomo una krediti 60 za mfumo wao uitwao ECTS, yaani 30 kwa muhula, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kujisomea kukiwemo. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 na mwaka una 120. Kwa hiyo usidharau somo lao lenye 5 tu: hizo ni saa 125 kwenda juu, kwetu krediti 12 na ushee. Hesabu hiyo ipeleke kwa mkuu wa idara kabla hujapanda ndege, aandike somo lipi la kule litasimama badala ya lipi la hapa. Wanaokwenda kwa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, wana mkataba wa masomo unaosainiwa na mwanafunzi, chuo chake na chuo kinachompokea. Ahadi ya kwenye korido usiihesabu, hata kama aliyeitoa ni profesa.

Halafu kuna sapu, mtihani wa marudio kwa aliyefeli somo. Nyingi za kwetu huangukia Septemba, na Ufini muhula huwa umeshaanza. Ujerumani vipindi vingi huanza Oktoba. Mwenye sapu katika somo ambalo ndilo sharti la awali la kule, achague nchi akiwa na kalenda mkononi.